Damu Tuliyoinyamazisha

Bagamoyo, Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu utazipata kesho asubuhi mlangoni kutoka kwa watu wengi kuliko unavyotaka, kwa hiyo za kwangu naziacha. Wala sitakuandikia habari za nauli, mashuka na namna ya kukaa na wenzako bwenini. Mama yako amekwisha kukuambia hayo mara tatu, shangazi yako mara saba. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya lile gauni la kijani, uikute ukiwa umeshafika Dar es Salaam. Unanijua mimi ni mtu wa kubishana. Nikizungumza uso kwa uso sikubali kushindwa hata pale ninapojua nimeshindwa. Kwenye karatasi hakuna mtu wa kunitazama.

Kesho shangazi yako Mwajuma atataka usimame kizingitini, upokee tambuu mkononi mwake, uitafune mbele ya wanawake wote wa mtaa ndipo utoke. Kila binti wa nyumba yetu anayeondoka ametoka hivyo. Mama yako alipoondoka kwao kuja kwangu alitoka hivyo. Na katika ile tambuu, ndani ya lile jani, pamoja na popoo na chokaa, kuna tumbaku. Wewe unakwenda kusomea meno. Wakati unasoma haya utakuwa umeshajua yaliyotokea pale mlangoni. Mimi ninayeandika sijui. Lakini najua jambo hili lilianzia wapi, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wanaonipenda, maana hao watalipunguza makali.

Nataka kukueleza jinsi nilivyoshinda mabishano makubwa kuliko yote niliyowahi kuingia, na jinsi ushindi ule ulivyong'oa meno ya mama yako.

Ulikuwa unatambaa. Mkoloni alikuwa bado yupo, nami nilikuwa karani wa forodha, kijana mwenye kalamu ya kujaza wino na hasira ya kutosha watu kumi. Katika zahanati moja ya pwani hii, siitaji kwa sababu waliomo leo hawahusiki, Bwana Afya wa wakati huo, Mzungu mwekundu wa shingo, alibandika tangazo ukutani. Liliandikwa kwa Kiswahili kibovu: wanawake wanaotafuna tambuu wasikae kwenye mabenchi, wakae sakafuni, kwa sababu ni wachafu wa kinywa. Mama yako alikuwa amekupeleka una homa. Akaambiwa akae chini. Akakaa chini, wewe mapajani, na mabenchi mawili matupu mbele yake.

Alipofika nyumbani hakulia. Alinisimulia huku anakunja nguo, kama mtu anayesimulia bei ya samaki. Mimi ndiye niliyesimama nikagonga meza mpaka wino ukamwagika.

Niliandika barua tatu gazetini. Ya kwanza ilihusu matusi, na mpaka leo sitafuta hata nukta moja katika barua ile. Mtu mzima, mama wa mtoto, hakalishwi sakafuni na mgeni aliyekuja juzi. Niliandika kwamba benchi lile lilitengenezwa na fundi wetu kwa mbao zetu. Barua ya pili ilihusu mila. Niliandika kwamba bibi zetu walikuwa wanashindana wenyewe kwa wenyewe kwa vijaluba vya fedha vya kuwekea tambuu wakati ambapo bibi zake yeye hawajajua hata kunawa. Sikuwa na ushahidi wa bibi zake kutonawa. Iliandikika vizuri tu.

Barua ya tatu ndiyo ninayotaka uijue.

Bwana Afya alijibu. Aliandika kwamba, tusi au si tusi, tumbaku inaharibu fizi, na kwamba wanawake wetu watabaki mapengo kabla ya kuwa na wajukuu. Hapo nikaona nimempata. Kwa sababu mwaka ule ule fizi za mama yako zilikuwa zinatoka damu kila akipiga mswaki. Shangazi yako, kwa mapenzi kabisa, akamfundisha dawa ya bibi yetu: chukua tumbaku kidogo, bana kati ya ufizi na shavu, lala nayo. Mama yako akafanya. Kabla mwezi haujaisha damu ikakauka. Akapiga mswaki, akatema, mate meupe.

Nikaandika: "Bwana Afya anasema tumbaku inaharibu fizi. Mimi shahidi ninaye nyumbani kwangu. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Kwa tumbaku zimepona. Aje atazame."

Watu waliisoma barua ile kwenye mabaraza kutoka hapa mpaka Kaole. Kuna mzee mmoja alikuja kutoka Lugoba kunishika mkono tu, akarudi zake. Tangazo likabanduliwa. Bwana Afya akahamishwa, sijui kwa sababu yangu au kwa sababu zake, lakini sote tulisema kwa sababu yangu. Shangazi yako alipiga vigelegele uani mpaka kuku wakatawanyika. Akasema, "Selemani, leo umemtoa Mzungu meno!"

Nilicheka sana siku ile. Mama yako naye alicheka, wazi, kichwa nyuma. Alikuwa na meno mazuri, Mwanaidi. Wewe humkumbuki hivyo.

Unamkumbuka akicheka nyuma ya kanga. Huenda unadhani ni haya yake. Mama yako hajawahi kuwa na haya ya namna hiyo. Alikuwa sauti ya kwanza katika maulidi ya wanawake mtaani kwetu. Akianza kasida, waliokuwa jikoni waliacha masufuria. Hata mimi, nisiyependa shughuli, nilikuwa najifanya napita karibu.

Ilikuja polepole. Kwanza meno yalionekana marefu, kama yanayochungulia. Kisha akaacha kutafuna muhogo upande wa kushoto. Kisha zikaanza zile jioni ambazo aliniambia, "Baba Mwanaidi, jino linacheza."

"Linatoka damu?"

"Halitoki."

"Basi hakuna ugonjwa."

Mazungumzo hayo tuliyafanya mara ngapi? Sijui. Miaka. Mimi nikiwa na gazeti usoni na sigara mkononi, nikiuliza swali moja tu, lile lile nililokwisha kushinda nalo. Sikuwahi kusema, "Hebu fungua mdomo nitazame." Mimi niliyemwambia Bwana Afya aje atazame, sikutazama.

Siku ya mwisho ya kuimba kwake ilikuwa harusini Kaole. Wewe ulikuwa darasa la sita. Wamepumzika kati ya kasida mbili, sinia la kashata likapita, akachukua kipande, akauma. Alipokitoa mdomoni, jino la mbele lilikuwa limebaki ndani yake. Halikuuma. Halikutoka damu. Lilikuwa limesimama ndani ya kashata kama karanga. Alilifunga kwenye pindo la kanga, akaziba mdomo, akamaliza kasida iliyofuata hadi mwisho. Tangu siku hiyo kanga haikushuka na kasida haikusikika.

Ndipo nilipompeleka Dar es Salaam. Daktari wa meno alikuwa kijana wa bara, mpole, mwembamba, amevaa koti jeupe lililomzidi mabega. Akatuamkia shikamoo wote wawili, akatukalisha kwenye viti, akamgeukia mama yako.

"Mama, fizi zako zilitoka damu lini mara ya mwisho?"

Nikajibu mimi. "Hazijatoka damu miaka mingi, daktari. Tumbaku ilizitibu."

"Mzee," akasema kwa adabu, "nimemuuliza mama."

Mama yako akamwambia. Alizungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza habari za mwili wake. Yule kijana akasikiliza, akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akakitia kati ya jino na ufizi. Kikazama. Nilidhani kitasimama, kikaendelea kuzama. Kisha akatueleza, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kumpinga na sikupaona.

Alisema tumbaku haikutibu kitu. Tumbaku inabana vile vijishipa vidogo vya damu ndani ya ufizi. Ugonjwa unabaki pale pale, unakula mfupa unaoshika jino, ila damu haipiti. Mtu anaona mate meupe, anafurahi. "Damu ilikuwa inawapigia kelele," akasema. "Ninyi mkaiziba mdomo."

Mwanaidi, mimi nimetumia maisha yangu nikipigana na watu wanaoziba wenzao midomo. Niliwahi kuitwa na mkuu wa wilaya wa kikoloni nikaambiwa nichague kati ya kalamu na mshahara. Nikachagua kalamu, tukala mihogo mikavu miezi minne. Halafu kijana wa bara mwenye koti la kuazima ananiambia kwamba ndani ya nyumba yangu, ndani ya kinywa cha mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa wilaya.

Bado sikukubali. Nilimwambia, "Nitazame na mimi. Navuta sigara tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na sijawahi kutoka damu hata tone."

"Ndiyo maana nataka kukutazama, mzee."

Akanitazama. Akasema fizi zangu zimekuwa ngumu na zimepauka kama mkanda wa zamani. Akatia kile kijiti, kikazama. Mama yako, aliyekuwa pembeni na pamba mdomoni, akacheka. Ndiyo, akacheka, nyuma ya kanga, na nilistahili.

Nilikaa nje kwenye benchi nikimsubiri ang'olewe mengine mawili, na hapo ndipo nilipolielewa kosa langu lilivyo. Nilikuwa nimefikiri muda wote kwamba mtu anayenidharau hawezi kuwa anasema kweli. Bwana Afya alikuwa mtu mwenye kiburi, tangazo lake lilikuwa tusi, na nikimkuta leo barabarani nitamwambia tena yale yale ya benchi. Lakini kuhusu fizi alikuwa sahihi, yule mshenzi. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na mimi sikuwa na nafasi ya kuyatenganisha kwa sababu nilikuwa na haraka ya kushinda. Angekuja mtu mwingine kuniambia habari ile ile kwa upole, ningemsikiliza? Sijui. Nadhani ningemwita kibaraka.

Utakutana nao huko uendako, watu wenye elimu ya kweli na mdomo mchafu. Watakuambia kwamba sisi wa pwani ni wavivu, tunakaa na kutema mate mekundu. Wapige kwa maneno, usiwaonee huruma, umezaliwa na mimi. Ila ukimaliza kuwapiga, rudi uokote kile walichosema, ukitazame peke yake, bila sura zao.

Sasa lile la ini. Nataka nilisimulie kwa upande wangu kwa sababu wewe unalisimulia vibaya, unanifanya mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa.

Ulikuwa kidato cha nne, umekuja likizo, umebeba chupa ndogo ya haidrojeni peroksaidi ambayo mwalimu wako wa biolojia alikuruhusu kuja nayo, ile ile wanayosafishia vidonda. Tumechinja kuku. Ukachukua ini, ukakata kipande, ukakidondoshea dawa kwenye kisahani. Povu likafumka jeupe mpaka likamwagika. Shangazi yako akapiga kelele, maana ini katika nyumba hii ni haki yake.

"Mwanaidi weye! Ini langu unalifanya sabuni?"

"Kipande tu, Shangazi."

"Kipande! Nyie wasomi mtakuja kunifulia na figo!"

Tukacheka sote. Ndipo ukatueleza. Ulisema ndani ya ini, na ndani ya damu, na kila mahali mwilini, kuna vimeng'enya, vitu vidogo visivyoonekana vinavyofanya kazi za mwili. Mwili wenyewe ukifanya kazi hutengeneza sumu kidogo ya namna ile ya kwenye chupa, na kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja mara moja ikawa maji na hewa. Lile povu ni ile hewa ikitoka. Ukasema viko na vingine vya kazi kama hiyo, vingine vimegunduliwa juzijuzi tu, na kwamba mwalimu wako anadhani moshi wa tumbaku unauongezea mwili mzigo wa sumu hizo.

Nami nikaruka. Niliona mlango umefunguliwa! Nikasema, "Basi mabishano yamekwisha. Kama mwili una walinzi wake kila mahali, hata kwenye fizi, tumbaku itafanya nini? Mlinzi yupo, anavunja, yanatoka mapovu, kwisha."

Ulichukua kipande kingine cha ini, ukakitumbukiza kwenye maji yanayochemka ya mchele, ukahesabu, ukakitoa, ukakiweka kwenye kisahani kingine. Ukadondoshea dawa ile ile. Tukasubiri. Shangazi yako akainama karibu. Hakuna povu. Nyama ilikaa tu pale, ya kijivu, na dawa ikaizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Mlinzi naye hufa, Baba," ukasema.

Nikasema, "Tumbaku haichemshi fizi."

"Haichemshi."

"Sasa inawafanya nini hao walinzi wako wa kwenye fizi? Inawaua? Inawachosha?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Mwalimu anasema bado watu wanatafuta."

Unakumbuka nilitoka nikaenda uani. Ulidhani nimekasirika. Mwanangu, nilikuwa nimesikia neno ambalo sikuwahi kuliandika gazetini hata siku moja katika barua zangu zote. "Sijui." Ulilisema bila aibu, umesimama wima, mkono una harufu ya ini, na neno lile likanishinda kuliko ambavyo angenishinda mtu yeyote mwenye hoja. Niliporudi ndani nilikuambia nini? Nilisema, "Basi nenda ukatafute." Watu wamesema maneno mengi kuhusu nani alikutia wazo la kwenda chuo. Ni ini la shangazi yako.

Naye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kukuacha uende. Leo baada ya chakula, wakati wewe umekwenda kuwaaga wenzako, alikuja na kijaluba. Akakiweka mkekani mbele yangu na mama yako. Alikichukua jana kwetu, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Majani mabichi, popoo iliyokatwa, chokaa, na katika tundu la nne tumbaku mpya, naijua kwa harufu.

"Kesho atatafuna kizingitini," akasema. "Asipotafuna, mimi simsindikizi. Na nisipomsindikiza mimi mkubwa wa nyumba, mjue ametoka bila radhi."

Nikafungua mdomo. Unanijua nilikuwa na barua nzima tayari kichwani. Mama yako akaniwekea mkono gotini.

Kisha akashusha kanga.

Aliishusha mpaka mabegani, akainua uso, akamtazama shangazi yako, akazungumza na mapengo yake yote mbele ya dirisha lililo wazi. "Wifi, kijaluba ni changu. Nilipewa mimi siku ninatoka kwetu. Nitakijaza mimi."

"Jaza. Lakini atatafuna?"

"Atapokea. Heshima ni kupokea. Kutafuna ni ulevi wetu mimi na wewe."

Shangazi yako akakivuta kijaluba upande wake. Nilidhani ni hasira, nikajiweka sawa. Lakini alichosema kilikuwa kingine kabisa. "Mwanaidi akikataa mbele za watu, maana yake nini? Maana yake mimi ndiye niliyekuua meno, wifi Tatu. Mimi ndiye niliyekupa ile tumbaku. Kwa mkono wangu huu. Watu wote watasoma hivyo."

Miaka yote hiyo, Mwanaidi! Alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake, na kila akisisitiza mila alikuwa anajitetea. Mimi, msomaji wa vitabu, nilidhani ni ukaidi wa kizee.

Nikasema, "Dada, tulikuwa wawili. Wewe uliiweka kwenye ufizi, mimi niliiweka gazetini. Wewe ulikuwa hujui. Mimi nilikuwa sijui na nikaapa kwamba najua."

Shangazi yako alichota tumbaku kutoka tundu la nne, akaitazama kiganjani, akaifunga kwenye kanga yake, akavaa viatu akaenda. Hakusema kama atakuja kesho. Sijui. Nimekwisha kuliandika neno hilo mara kadhaa leo; ninaanza kulizoea.

Kama hakuja, usimhesabie kosa. Nenda kwake likizo ya kwanza, mpelekee ini. Kama alikuja na tambuu mkononi na akasisitiza, basi umekwisha kuona nilichofanya: nilipanga kuipokea mimi kwa niaba yako na kuishika mkononi mpaka gari liondoke, ikichuruzika vidoleni kama mchuzi, na anayetaka kunicheka anicheke. Sitaitafuna. Na hapa nikukirie jambo moja. Pakiti ya sigara iko mezani, kushoto mwa karatasi hii. Nilipoanza kuandika habari za Kaole niliwasha moja. Nilipofika kwa daktari niliizima. Sitakuahidi kwamba nimeacha, nimechoka kutangaza ushindi kabla ya vita. Nakuahidi kwamba kikiwepo chumba cha kumtazama baba yako fizi huko chuoni, nitakuja, nitafungua mdomo, na wanafunzi wenzako wote watie vijiti vyao. Wapate mfano wa mtu ambaye hakuwahi kutoka damu.

Usije ukaogopa mtu huko. Wakikuambia swali lako ni dogo, uliza tena kwa sauti kubwa. Wakikuambia kwamba fizi za wanawake wa pwani si jambo la kufanyia utafiti wakati taifa lina kazi nyingi, waambie taifa linatafuna. Wakikupa jibu la haraka, kama langu, lichemshe kwanza.

Sasa kijaluba. Utakuwa umeshakipokea kutoka kwa mama yako mwenyewe, na amekukataza kukifungua kabla hujasoma barua hii. Kifungue. Katika tundu la jani ameweka miswaki iliyokatwa vizuri. Katika tundu la popoo, iliki. Katika tundu la chokaa, karafuu. Tundu la nne, la tumbaku, kuna pamba. Ifungue polepole. Ndani yake ni jino lake, lile la Kaole. Alikuwa nalo miaka yote hii kwenye pindo la kanga ile ya harusini, na mimi sikujua.

Nilimuuliza anataka nikuandikie nini juu yake. Alisema niandike maneno yake kama yalivyo, nisiyapambe. Nimeyasoma tena mbele yake, akanisahihisha mara mbili, kwa sababu sasa anasoma mwenyewe, darasa la watu wazima limemfikisha kitabu cha pili. Haya hapa:

"Mpe mwalimu wako. Mwambie hili jino halikutoka damu. Nataka kujua kwa nini."

Ukipata jibu, Mwanaidi, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Baba yako,
Selemani